UZI: Kinachonukia Siyo Lazima Kiwe Kizima

Posti ya 1

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosomaga kimya kimya bila kukomenti, leo siongelei chanjo wala uji wa miezi sita. Leo naongelea marashi na vitabu. Mkifika mwisho mtaona kwa nini nesi wa wodi ya wazazi kaingia huko.

Kuna orodha zinazunguka mitandaoni. Mtu anachukua riwaya za kigothiki za Kizungu, zile za majumba makuukuu, mishumaa, wafu wasiolala, mke aliyefungiwa darini, halafu kila mhusika anampangia pafyumu yake. Dracula apulize hii, Heathcliff ile, mama mwenye nyumba ile nyingine. Picha nyeusi, kichupa katikati, waridi limenyauka pembeni. Mmenitumia nyingi sana inboksi: "Nesi, wewe msomaji, ipi inakufaa?"

Jibu langu ni uzi huu wote. Sina ugomvi na marashi, kabati langu linajua. Sina ugomvi na riwaya, nazisoma zamu za usiku wodi ikitulia. Ugomvi wangu ni na orodha zenyewe. Zinasema uongo kuhusu vitabu, na uongo huo ni ule ule ninaopambana nao kazini kila wiki: kwamba kinachonukia ni kizuri, na kizuri ni salama.

Kiswahili chetu kinatenganisha kunuka na kunukia kwa herufi moja tu. Shikeni herufi hiyo, tutaihitaji.

Posti ya 2

Hebu ziangalieni orodha hizo kwa utulivu. Dracula: udi, ngozi, waridi jeusi. Heathcliff: udi, ngozi, moshi. Frankenstein: udi, moshi, ubani. Mnaona? Aliyepanga hajanusa kitabu, kanusa jalada. Jalada ni jeusi, basi kila kitu kinapewa harufu nzito nzito.

Ukija upande wa wanawake ndiyo nachoka kabisa. Kila mwanamke mgonjwa kwenye riwaya hizi kapewa waridi linalonyauka, poda na urujuani. Maelezo yake utasikia: "kwa yule dada mwembamba, mweupe, anayefifia taratibu." Jamani! Dada anayefifia taratibu ana kifua kikuu. Anatoka jasho usiku mpaka shuka zinalowa. Anakohoa damu. Nimeshika beseni la mgonjwa wa namna hiyo, na hakukuwa na urujuani pale.

Kuna watu watasema nesi anaharibu utamu. Mimi nasema utamu haukuwa pale tangu mwanzo. Waandishi wenyewe, wengi wao, walijua chumba cha mgonjwa kinanukaje. Waliandika kinavyonuka. Sisi ndio tumekuja na kichupa tukapuliza juu.

Posti ya 3

Kabla sijaingia kwenye vitabu, niseme la nyumbani.

Udi na ubani kwenye orodha hizo wanaitwa "harufu ya giza", "harufu ya siri", "harufu ya kaburi". Ya nani hiyo? Mtu wa Pwani ukimfukizia udi anajua kuna mgeni, kuna harusi, kuna Ijumaa. Kanga imetoka kwenye chetezo, bibi harusi anaingia. Ubani unafukizwa kwenye dua, msibani na kwenye heri pia. Karafuu ya Pemba iko kwenye pilau, na mafuta yake yako kwa daktari wa meno.

Vitu hivi vilipanda majahazi na meli kutoka mwambao wetu, Arabuni na Bara Hindi, vikafika London na Paris. Kule, kwa kuwa vilitoka mbali, vikapewa maana ya mbali: uchawi, usiku, dhambi. Sawa, ndivyo pua zao zilivyofundishwa. Lakini wewe dada wa Tanga, au wa Mombasa, unapokariri kwamba udi ni harufu ya kifo, umeazima pua ya mtu mwingine na umeacha ya bibi yako nyumbani.

Hisia haikai ndani ya kichupa. Inakaa kwa mnusaji na alikopitia. Orodha inayoniambia nitahisi nini kabla sijanusa hainijui.

Posti ya 4

Sasa vitabu. Naanza na kile ambacho wapangaji wa orodha wangekisoma vizuri wangeona aibu kidogo.

The Picture of Dorian Gray, Oscar Wilde. Ilitoka kwenye jarida mwaka 1890, ikawa kitabu 1891. Kijana mzuri wa sura anatamani picha yake izeeke badala yake. Inakuwa. Yeye anabaki na ngozi laini, picha kule juu kwenye chumba kilichofungwa inaoza kwa kila uovu anaoutenda.

Katikati ya kitabu, Sura ya 11, Dorian anafanya nini? Anasomea manukato. Anakamua mafuta, anachoma ubani, anajaribu kujua harufu ipi inaamsha hisia ipi. Ubani unamfanya mtu awe wa kiroho kwa nini? Ambari inaamsha tamaa kwa nini? Yaani mchezo huu wa kulinganisha harufu na hisia, mchezaji wake maarufu kwenye riwaya hizi ni Dorian mwenyewe. Na Wilde hakumweka pale ili tumuige. Alimweka ili tuone mtu anayepanga vichupa sebuleni wakati juu kuna kitu kinaoza na yeye hataki kufungua mlango.

Ndiyo maana nikiona orodha imeandikwa "Dorian: harufu ya ujana usioisha", nacheka. Ujana usioisha ndio ugonjwa wenyewe kwenye kitabu kile!

Posti ya 5

Jane Eyre, Charlotte Brontë, 1847. Hapa nitakuwa mkweli: orodha zinapompa Rochester sigara, nawapa alama zao. Kwenye kitabu Jane yuko bustanini jioni, maua yamechanua, halafu inakuja harufu ambayo siyo ya ua lolote, na anajua bwana yuko karibu. Hiyo ni sahihi.

Lakini Jane mwenyewe wanampa lavenda na shuka safi, kana kwamba sura za mwanzo hazipo. Rudini Lowood, shule ya watoto wasio na mtetezi. Iko bondeni kwenye ukungu. Watoto wanakula nusu tumbo, mafua hayatibiwi. Tifasi inaingia, na kati ya wasichana 80, 45 wanalala wagonjwa kwa mpigo mmoja. Nje ni majira mazuri, maua kila kona. Ndani wanachoma vifukizo na kumwaga dawa ili kuizima harufu ya wagonjwa, na harufu inashinda.

Usiku Jane anamtafuta rafiki yake Helen, ambaye anakufa kwa kifua kikuu. Anajuaje kwamba amekaribia chumba cha homa? Kwa harufu ya kafuri na siki iliyochomwa. Harufu inamwambia: hapa kuna ugonjwa, pita mbali.

Charlotte hakuyatunga haya kutoka hewani. Dada zake wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, waliugua kwenye shule ya bweni na wakafa mwaka 1825. Mmoja alikuwa na miaka 11, mwingine 10. Sasa mtu akiniambia kitabu hiki kinanukia shuka safi, namuuliza: wale watoto wa Lowood umewaweka wapi?

Posti ya 6

Mwaka huo huo 1847, mdogo wake Emily akatoa Wuthering Heights. Hapa kila mtu anamkimbilia Heathcliff. Ngozi, moshi, mvua, farasi. Mitandao nzima inataka kunukia kama Heathcliff, mwanaume ambaye ukimkuta kwenye faili la mgonjwa wako unampigia simu ustawi wa jamii.

Nawauliza mama zangu mliosoma: mnamkumbuka mtoto?

Catherine anajifungua usiku, mimba ya miezi saba. Saa mbili baadaye amekufa. Nyumba nzima inalia kwa ajili yake. Na kale katoto? Nelly, mtumishi anayesimulia, anasema wazi kwamba kwa masaa yale ya kwanza kangeweza kulia mpaka kakafa na hakuna ambaye angejali. Mtoto njiti, usiku wa baridi, hakuna aliyemshika.

Mimi hapo nilifunga kitabu nikanyamaza. Nikafikiria mtoto njiti tunavyomweka kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kangaroo, na mama akiwa hawezi tunamweka kwa baba au bibi. Masaa yale ya kwanza ndiyo maisha.

Harufu ya kitabu hiki kwangu ni mbili. Ya kwanza ni upepo wa nyika: Catherine akiwa na homa anaomba dirisha lifunguliwe autie upepo ule kifuani. Ya pili ni ya mtoto mchanga ambaye hajapanguswa. Hakuna orodha hata moja iliyoikumbuka ya pili.

Posti ya 7

Dracula, Bram Stoker, 1897. Hii ndiyo ningependa kila mfanyakazi wa afya aisome, na kila bibi pia.

Binti anaitwa Lucy. Anapauka kila siku, damu inapungua, na hawajui inakwenda wapi. Profesa Van Helsing anagundua. Anaagiza maua ya kitunguu saumu kutoka Uholanzi, anayapaka kwenye fremu za dirisha na mlango, anamvisha Lucy kama mkufu shingoni. Chumba kinanuka. Binti analala salama.

Usiku mama mzazi anaingia kumwangalia mwanawe. Anakuta maua yananuka, chumba kizito. Anamhurumia mtoto wake mgonjwa. Anayaondoa yote, anafungua dirisha apate hewa safi. Asubuhi anamsimulia Profesa kwa furaha. Profesa anabaki kashikilia uso wake, analia.

Sasa sikilizeni. Mama yule ana kosa gani? Alifanya ambacho mama yeyote mwenye huruma angefanya. Madaktari walimficha kwa sababu ana ugonjwa wa moyo, wakasema asishtuliwe. Walimlinda na habari, wakamnyima maarifa. Mwisho wake binti kafa, na akishakufa anaamka kuwinda watoto wadogo wa mtaani.

Kwa wenzangu wa mavazi meupe: mkimpa mama dawa inayonuka, inayochafua, inayoliza mtoto, mwelezeni KWA NINI. Mwelezeni na bibi aliyekaa pembeni, maana yeye ndiye atabaki na mtoto usiku nyie mkiwa kwenu. Usipomweleza ataiosha, kwa upendo kabisa.

Halafu mtu ananiambia Dracula ananukia waridi jeusi. Ndani ya kitabu Dracula ananuka pumzi mbaya na udongo wa kaburi. Kinachowalinda watu ndicho kinachonuka jikoni kwako: kitunguu saumu.

Posti ya 8

Hii ndiyo posti niliyotaka kuandika tangu mwanzo. Frankenstein, Mary Shelley, 1818.

Mama yake Mary, Mary Wollstonecraft, mwandishi mkubwa wa haki za wanawake, alijifungua tarehe 30 Agosti 1797. Kondo la nyuma likagoma kutoka. Daktari akaingiza mkono akalitoa vipande vipande. Mama akapata homa ya uzazi. Tarehe 10 Septemba akafariki. Mtoto alikuwa na siku 11. Mtoto huyo akakua akaandika Frankenstein.

Kabla ya kuandika, mwaka 1815, Mary alizaa binti kabla ya wakati, hakumaliza wiki mbili. Baadaye aliota mtoto yule alikuwa amepoa tu, wakamsugua mbele ya moto akapata uhai. Alipoanza kuandika riwaya, Juni 1816, alikuwa na miaka 18.

Sasa kisomeni tena. Victor anakusanya viungo kwenye vyumba vya maiti na machinjioni, anatengeneza kiumbe, na kikifungua macho tu anakimbia. Hakipi hata jina. Hicho ni kitabu cha kujifungua, mama zangu. Ni mzazi anayemkimbia mtoto wake kwa sababu hakutoka mzuri.

Na mikono ya Victor iliyotoka kwenye maiti ikenda kuumba uhai? Vienna, mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis aliona wazazi wanakufa zaidi kwenye wodi ya madaktari kuliko ya wakunga. Madaktari walikuwa wanapasua maiti, kisha wanaenda kuzalisha. Waliosha kwa sabuni, lakini harufu ya maiti ilibaki mikononi. Semmelweis hakuwaambia wapake marashi. Aliiamini ile harufu. Akatafuta kitu cha kuiondoa kabisa, akachagua maji ya klorini, akalazimisha kila mtu anawe. Aprili ile walikufa zaidi ya 18 katika kila wazazi 100. Juni wakawa kama 2.

Orodha zinampa Frankenstein moshi na ubani. Mimi nampa harufu ya klorini kwenye beseni la kunawia mikono.

Posti ya 9

Nimalizie vitabu na Rebecca ya Daphne du Maurier, 1938. Ambaye hajasoma aruke posti hii.

Mke wa pili, ambaye hata jina hatuambiwi, anaingia nyumba ya mke wa kwanza aliyekufa. Anakuta koti la zamani, mfukoni kitambaa kina harufu ya azalea. Mtumishi mkuu anamshikisha nguo ya kulalia ya marehemu, bado inanukia. Rebecca hayupo, lakini harufu yake imekalia nyumba yote. Hapa kitabu chenyewe kimetupa marashi, hatuhitaji kubuni. Ua jeupe, zito, linaloingia chumbani kabla ya mwenyewe.

Wote wanadhani mwanamke yule alikuwa mzima kuliko wazima. Mwishoni daktari anafungua daftari lake: Rebecca alikuwa na uvimbe unaomla ndani kwa ndani, na mfuko wa uzazi wenye kasoro. Chini ya azalea kulikuwa na saratani. Kikulacho ki nguoni mwako, nguo yenyewe inanukia.

Na hili niliongeze kwa wapenda marashi: maua meupe kama asumini na tuberosi yana kitu kinaitwa indoli. Indoli hiyo hiyo iko kwenye kinyesi. Ikiwa kidogo, asumini inakuwa asumini. Ikizidi, unakunja pua. Kwa hiyo kati ya kunuka na kunukia siyo herufi tu, hata kemia iko karibu karibu.

Posti ya 10

Najua komenti zinakuja. "Nesi, ni mchezo tu, tuache tufurahi." "Nesi, mama mwenye mtoto mchanga hana raha nyingi, mwache na kichupa chake."

Wa pili nakubaliana naye kabisa. Mama anayekesha ana haki ya kitabu na ana haki ya kunukia. Mtu asiwaambie kwamba ukizaa pua yako imekufa. Hata hao wanaosema riwaya hizi ni za mashetani, mama asizisome, siko nao. Ni vitabu vya huzuni na hofu, na mama anazijua zote mbili.

Wa kwanza namjibu hivi. Mchezo ni mzuri ukichezwa na aliyesoma. Mwaka 1919 nyumba ya Guerlain ya Ufaransa ilitoa marashi Mitsouko, jina la mhusika kwenye riwaya ya Claude Farrère. Zaidi ya miaka 100 watu bado wanayapulizia. Kulinganisha harufu na kitabu inawezekana.

Ninachokataa ni mchezo wa kufuta. Kufuta kikohozi, kufuta mtoto njiti, kufuta mama aliyeoza ndani kwa homa ya uzazi, halafu kutuuzia kilichobaki. Mwanamke anayekufa akishakuwa pambo, hatumwoni tena akiwa mgonjwa. Na hili haliishii kwenye vitabu. Naletewa mama siku ya sita baada ya kujifungua, kapakwa manukato toka utosini hadi miguuni, kafukizwa, khanga mpya, ndugu wanasema "anaendelea vizuri, ila kachoka tu." Namshika, anaungua. Nafungua pedi, harufu inaniambia yote. Siku tatu nzima marashi yalikuwa yanainyamazisha kengele.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni upendo, kama mama yake Lucy. Ila mwili ulikuwa unaomba msaada kwa njia pekee iliyobaki, na sisi tukaupuliza.

Posti ya 11

Basi tusikilize pua. Hifadhini posti hii.

Kwa mama aliyejifungua: damu ya uzazi ina harufu yake, kama ya hedhi. Hiyo ni kawaida. Ikianza kunuka vibaya, au ukapata homa, baridi ya kutetemeka, maumivu makali chini ya tumbo, damu kuzidi: usifukize, usipulize, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ndani kusioshwe na manukato wala dawa za dukani. Maji safi na sabuni ya kawaida nje vinatosha.

Kwa mtoto: kitovu kiwe safi na kikavu. Kama kituo kimekupa dawa ya kitovu, tumia ulivyoelekezwa, si zaidi. Kikinuka, kikitoa usaha, ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, mtoto akigoma kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi, akipumua harakaharaka, akipata degedege: kituoni mara moja.

Marashi kwa mtoto mchanga hapana. Ngozi yake ni laini na changa, na vitu vya harufu ni katika wachokozi wakubwa wa mzio. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulipitisha katazo la kemikali tatu za harufu kwa sababu ya mzio wa ngozi, na mbili kati yake zinapatikana kwenye ukoga wa gome la mwaloni uliotumika kwenye marashi mengi ya zamani. Moshi wa udi kwenye chumba chake pia hapana. Mapafu yake ni madogo. Fukizeni sebuleni, mtoto akiwa kwingine, madirisha wazi.

Na matiti yako usiyapulize. Kuna utafiti wa mwaka 1994: watoto waliozaliwa muda huo huo waliwekwa kifuani kwa mama, titi moja limeoshwa, jingine halijaoshwa. Kati ya 30, watoto 22 walilifuata lisiloshwa. Mwanao haoni vizuri bado, lakini anakujua kwa harufu. Usimfiche mama yake.

Posti ya 12

Mliniuliza orodha yangu. Situmwi na duka lolote, na mengine hapa ni ghali, huhitaji kununua. Ila kama tunalinganisha, tulinganishe hivi:

Dorian Gray: Jicky ya Guerlain, 1889. Lavenda na vanila juu, ya usafi, halafu chini kuna harufu ya mnyama. Ilitoka mwaka mmoja kabla yake.

Jekyll na Hyde, cha Robert Louis Stevenson, 1886: Fougère Royale ya Houbigant, 1882. Ilitumia kumarini ya maabara, ikadai kunukia kama jani ambalo kiasili halina harufu ya maana. Sura iliyotengenezwa kwa unga wa mkemia. Ndiyo Jekyll huyo.

Rochester: Tabac Blond ya Caron, 1919. Tumbaku na ngozi. Jane atamjua gizani.

Rebecca: Fracas ya Piguet, 1948. Tuberosi inayoingia mlangoni kabla yako. Asumini ya kikuba inatosha pia, ukiivaa kupita kiasi.

Wasichana wa Lowood: kafuri na siki.

Catherine: dirisha wazi.

Mtoto wa Catherine: kifua cha mtu yeyote anayempenda, bila chochote juu yake.

Lucy: kitunguu saumu, na mtu wa kumweleza mama yake.

Victor Frankenstein: maji, sabuni, klorini. Kabla na baada.

Mkitengeneza orodha zenu mzilete hapa kwenye komenti, nitazisoma zote. Ila mniambie ni sura gani ya kitabu imekupa harufu hiyo. Ukinitumia jalada, nakurudisha ukasome.

Na kama kuna mzazi nyumbani kwenu usiku huu, kabla hujafukiza, msogelee. Muulize anajisikiaje. Mguse paji la uso. Nusa kwanza, kisha ndio upulize.

Usiku mwema. Mwenye zamu kesho tukutane wodini. Mwenye dada aliyejifungua juzi amshee posti ya 11.